Umuhimu: Mdogo

Jumapili, 9 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu za kaka yako, ambaye siku hizi tumbo linamtangulia mlangoni na nywele zimeamua kubaki nyuma. Huku wote wazima. Wifi yako anakusalimu sana, na anasema gauni ulilomshonea limegoma kuzeeka, tofauti na mumewe. Wewe je, mgongo umepoa? Na Mama, ile miguu bado inamvimba?

Najua majirani zako wanatucheka, ndugu wawili wenye simu mifukoni wanaoandikiana barua ndefu za kujuliana hali. Waambie wamlaumu Mama. Mtu aliyekaa ujana wake wote mbele ya swichibodi, akiunganisha wapiga simu wa mji mzima, hakutaka wanawe wazibe laini kwa porojo. "Simu ni ya dharura, mengine andikeni." Tumeota mvi na bado tunamtii, ila tu barua zetu sasa zinapita kwenye kompyuta.

Uliniuliza kwa nini wifi yako ananiita Hakimu. Ni hivi. Kwenye ile kamusi elezo ya mtandaoni, ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika, kuna kikundi chetu cha wapenda saikolojia. Tunapita makala moja moja na kuipa alama mbili. Ya kwanza ni ubora: inaanza na "mbegu", yaani makala ya mistari michache ambayo haijachipua, inapanda hadi "bora". Ya pili ni umuhimu: mdogo, wa kati, mkubwa, wa juu kabisa. Hatulipwi, hatushukuriwi, na asiyeridhika anatutukana. Wiki hii nimeipa alama makala ya kuahirisha mambo, ambayo nilikuwa nimeiahirisha tangu mwaka jana. Wifi yako alitaka niipe na ya kukoroma, umuhimu wa juu kabisa. Nikamweleza kwamba kukoroma si mambo yetu, ni ya watu wa tiba. Akasema basi watu wa tiba waje wanichukue.

Sasa, jambo moja. Leo nilipompigia Mama ile simu yangu ya Jumapili, ambayo kwa huruma yake anaihesabu kuwa dharura, alikuwa mchangamfu kabisa. Aliniita Miwani kama kawaida, akaniuliza kama bado nasoma chooni. Kisha akasema, "Kuna mwanamke hapa anashona mchana kutwa. Mtu mzuri tu. Lakini mdogo wako simwoni."

Nilicheka. Umeajiri msaidizi na hukuniambia? Kama ni kweli, biashara imekubali, na mimi nadai suruali.

Kaka yako


Jumamosi, 15 Machi

Kaka, shikamoo.

Mimi nipo, mgongo upo, tunaendelea kuvumiliana. Msalimie wifi, mwambie namwombea. Miguu ya Mama haivimbi tena.

Sijaajiri mtu. Huyo mwanamke anayeshona ni mimi.

Ilianza alipotoka hospitali kwa ile miguu. Siku ya kwanza nilidhani ni utani wake. Nilimpelekea chai, akanitazama usoni, akanitazama tena, akasema, "Umefanana naye kweli. Mpaka hilo kovu la kidevuni. Nani amekutuma?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Tangu hapo ananiita Mshonaji. Ananishukuru kwa adabu kama mtu anavyomshukuru mhudumu hotelini, na mimi nikitoka chumbani anahamisha mkoba wake mahali pengine. Nikimwambia Mama, ni mimi, anasema nimeiba mpaka sauti. Dawa hatumii kutoka mkononi mwangu. Anasema mwanawe ndiye anayezijua. Chakula anaonja, anasukuma sahani. Amekwisha, Kaka. Magauni yake yote nimeyabana mishono pembeni na bado yanamvuka mabegani.

Juzi nilimkuta getini amevaa viatu vya kutokea, anakwenda polisi kutoa taarifa kwamba mwanawe amepotea. Nikamwomba anieleze huyo mwanawe yukoje, labda nitasaidia kumtafuta. Akanieleza mimi. Urefu, mwendo, hili jino lililopanda juu ya jingine. Alinieleza vizuri kuliko kioo, huku ananitazama.

Daktari anasema ni kiharusi kidogo kilichopita kimyakimya. Si wazimu. Macho yanaleta sura vizuri tu, lakini ile hisia ya kwamba huyu ni wangu haiji pamoja na sura, basi akili inatunga sababu yake: huyu ni mwingine aliyefananishwa. Akasema ni hali nadra, akaniandikia jina lake la kigeni, akamwita mgonjwa anayefuata.

Nikakaa kwenye cherehani na simu, nikatafuta kwa Kiswahili. Nikapata makala moja tu. "Dhana ya Mtu wa Badala." Mistari mitatu, na wa tatu unarudia wa kwanza. Nikabonyeza kila palipobonyezeka, nikifikiri labda pana mengine yamefichwa. Nikafika kwenye ukurasa wa majadiliano, nikakuta mtu ameweka alama. "Ubora: mbegu. Umuhimu: mdogo." Amesaini Miwani.

Nilicheka mpaka Mama akauliza ng'ambo ya mlango Mshonaji ana nini leo.

Kaka, wewe ndiye mwenye kalamu huko. Andika basi nifanye nini. Na hilo neno mdogo lipandishe, linaniuma kila nikilifungua.

Mdogo wako


Jumatatu, 24 Machi

Mdogo wangu,

Habari za nyumbani nisikuulize tena, nimezisoma. Nilikuwa nyuma ya kaunta ya maktaba, na mwanafunzi aliyekuja kurudisha kitabu aliniona uso, akarudi nacho bwenini.

Ndiyo, Miwani ni mimi, nani mwingine angejivunia jina la kuchekwa alilopewa na mama yake. Makala ile niliipitia asubuhi moja pamoja na nyingine nyingi. Nilisoma mistari mitatu, nikaweka alama, nikaendelea na makala ya aibu.

Nikueleze, usinielewe vibaya. Umuhimu hatuupimi kwa maumivu. Tunauliza swali moja: mtu anayejifunza saikolojia akiikosa makala hii, atapungukiwa kiasi gani? Kumbukumbu, wa juu kabisa. Hofu, wa juu kabisa. Hali inayompata mtu mmoja huku na mwingine kule, mdogo. Ni kanuni nzuri. Nilikuwemo katika kuiandika, na nadhani ndimi niliyeisifu kuliko wote.

Hata hivyo nimefanya kazi. Nimesoma kila nilichokipata, wifi yako amekula peke yake wiki nzima na anasema hajawahi kula kwa utulivu hivyo. Makala sasa ina historia, ina maelezo ya ubongo, ina namna daktari anavyoitambua hali yenyewe. Haijawa ndefu sana lakini si mbegu tena. Kwa kuwa niliyeandika siruhusiwi kujipa alama, alama ameiweka mwenzangu mmoja tunayemwita Mzee Rejeo, kwa sababu hajawahi kumaliza sentensi bila kuuliza rejeo, yaani chanzo cha maelezo, liko wapi. Sehemu ya Matunzo ina sentensi moja: mtunzaji asibishane na mgonjwa. Ya pili nimeitafuta sana, mdogo wangu. Sijaipata.

Umuhimu nao niliupandisha. Nilibadilisha "mdogo" ukawa "mkubwa" nikakaa kuangalia. Hata chai haijapoa, Mzee Rejeo ameurudisha.

"Sababu ya kupandisha?" akaandika.

"Inatokea majumbani," nikajibu.

"Kwa watu wangapi? Rejeo?"

Sikuwa na rejeo. Nina mama mmoja tu. Nikamwambia asante kwa uangalifu wako, na kusema kweli ndivyo ningemjibu mimi mtu mwingine.

Nikuchekeshe kidogo kabla sijafunga. Juzi kuna mtu asiye na jina ameingia kwenye sehemu ile ya Matunzo akaandika: "Toka nje umpigie simu. Asipokuona atakujua. Mwambie ale." Basi, hivyo tu, kama karatasi iliyobandikwa kwenye friji. Nimeifuta na kumwachia ujumbe wetu wa siku zote: "Asante kwa mchango wako. Umeondolewa kwa kukosa chanzo cha kuaminika." Watu wana vituko.

Likizo ikianza nakuja. Acha tumalize kuhesabu vitabu.

Kaka yako


Alhamisi, 27 Machi

Kaka,

Salamu zitafuata. Mwenye vituko ni mimi.

Nilikuwa jikoni nimepoteza mkasi. Nikauliza kwa sauti, nikijisemea tu, nani amechukua mkasi wangu. Mama akaitika kutoka chumbani kwake, ile sauti yake ya zamani: "Umerudi, mwanangu? Uko juu ya kabati la vyombo." Na kweli ulikuwa huko. Nikakimbia kwake bila viatu. Kuniona tu mlangoni, uso ukazimika. "Wewe tena. Amekwenda wapi sasa hivi?"

Sikulia mbele yake. Nilikwenda kulia kwenye vitambaa vya watu.

Halafu nikamkumbuka kazini. Mama hakuwahi kuwaona wale watu wote aliokuwa akiwaunganisha, lakini alijua nani ana mafua na nani amegombana na mkewe kwa kusikia "halo" tu. Nikachukua simu yangu, nikatoka nje mpaka nyuma ya tangi la maji, nikaipigia ile simu ya mezani. Alipokea kama opereta: "Namba gani, tafadhali?" Nikasema ni mimi, Mama. Akavuta pumzi. Akaniuliza niko wapi, mbona nimemwacha na mtu asiyemjua. Nikamwambia niko kazini, mbali kidogo. Huyo mwanamke namfahamu, nimemtuma mimi mwenyewe. Kula anachokupa. Kunywa na dawa zake.

Nikarudi ndani, nikabeba sahani. Alinitazama sana, kisha akala. Alimaliza, Kaka. Akasema, "Mwanangu amekudhamini."

Nilifurahi nikataka kumwambia mtu, na wa kumwambia ni yule mwingine aliyeko mahali fulani na mama yake, anayefungua ule ukurasa na kukuta usibishane naye. Ndiyo nikaandika. Sijui kuandika kama nyinyi, niliandika kama ninavyowaandikia wateja kwenye mfuko wa nguo. Kesho yake nikafungua nione kama ipo. Nikakuta asante kwa mchango wako.

Chanzo cha kuaminika nilikuwa nyuma ya tangi.

Mdogo wako


Jumapili, 20 Aprili

Mdogo wangu,

Najua barua hii imechelewa. Kila nilipoianza nilijikuta nakuandikia salamu nzuri sana halafu nakwama. Natumaini mgongo unakuvumilia, na Mama anakula. Hapa tu wazima, wifi yako kanisusa siku kadhaa baada ya kumsomea barua yako. Alisema, "Umemfuta mdogo wako?" Nikasema nilifuta sentensi. Akasema, "Ndivyo nilivyouliza."

Niliirudisha, hilo ulijue. Niliirudisha kama ulivyoiandika, ileile karatasi ya friji. Mzee Rejeo akaiondoa. Nikairudisha tena. Akaniandikia kwa faragha, na ni mtu mstaarabu, sina la kumlaumu. Alisema mimi ndiye niliyemfundisha kazi hii. Nikaona nimweleze ukweli: aliyeandika ni mdogo wangu, mgonjwa ni mama yetu.  Kisha akajibu: "Pole sana, ndugu yangu. Nimeguswa. Je, kuna rejeo?"

Usimchukie. Mimi nilicheka, kisha nikatoka nje kutazama mti wa jirani kwa muda.

Nikatafuta tena. Mkutubi mwenzangu wa chuo kingine amenitolea ripoti moja ya madaktari, na ndani yake, karibu na mwisho, wanamtaja mgonjwa aliyewakana watu wake akiwaona, akawakubali wakimpigia simu. Sentensi mbili wamempa. Basi nimeandika: "Katika baadhi ya visa vilivyoripotiwa, mgonjwa huweza kumtambua mhusika kwa sauti pasipo kumwona." Nikaweka rejeo. Imesimama, haijaguswa. Ubora umepanda ngazi nyingine. Lakini tazama sentensi yangu na tazama yako. Mtu mwenye sahani mkononi yangu ataishika wapi? Hakuna sehemu inayosema toka nje, wala mwambie ale. Hayo bado hayana chanzo. Na umuhimu uko palepale.

Umeniuliza kwenye simu ile fupi kama vitabu bado havijahesabika. Vimehesabika zamani. Nimeomba na kupewa likizo, na nimekaa nayo nyumbani. Mdogo wangu, kila Jumapili Mama ananiita Miwani. Ananikejeli, ananiuliza kama nimepunguza sukari. Mimi ndiye mtoto aliyebaki naye, na nimebaki kwa sababu moja tu, kwamba hanioni. Siku nikisimama mlangoni kwake na uso huu, utakuwa mwisho wangu. Ni woga, siuiti jina jingine. Nimesoma kila kitu kuhusu hali hii na nilichopata ni kujua kwa undani ninachokiogopa.

Kaka yako


Jumamosi, 26 Aprili

Kaka, shikamoo.

Sote tu hai. Mwambie wifi nimempenda zaidi.

Sentensi yako nimeisoma. Ni nzuri, imevaa tai. Nimeisoma mara ya pili nikiwa na sahani, kama ulivyosema, na kweli haina mpini.

Simu bado inafanya kazi. Kila baada ya chakula cha mchana naaga kwamba nakwenda kununua uzi, natoka kwa mlango wa nyuma, nampigia. Tunaongea. Ananieleza habari za Mshonaji: leo alinikata kucha vizuri, leo aliunguza mboga, huyu ana huzuni nadhani hana watu. Mimi namsikiliza nikiwa nimejibanza kati ya tangi na kamba ya nguo. Jirani aliniona akadhani nina mpenzi.

Shida ni baadaye. Nikikata simu, anaketi karibu na ile simu ya mezani kunisubiri niingie mlangoni. Naingia. Hanioni mimi, anamwona yule. Kila siku nafika na kila siku sijafika. Juzi alinimwagia maji, akasema nimemzuilia mwanawe nje kwa makusudi. Aliniita jina ambalo sikujua kwamba Mama analijua.

Unaogopa atakukana. Kaka, si kwamba nakubeza. Lakini mimi nimekanwa asubuhi, mchana na jioni, na katikati nimeshona sare za shule. Silali, maana anaamka kunitafuta, na anayemzuia asitoke getini ni mimi. Njoo nilale. Sikuombi uje na dawa, wala usije na makala. Nimechoka kuwa bandia peke yangu.

Mdogo wako


Jumapili, 15 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Nimefika salama. Wifi yako alinipokea, akaniuliza kama mimi ni mimi, nikamwambia kwa sasa sina uhakika. Akanipa chai hivyohivyo.

Nakuandikia yale ambayo uliyaona kwa macho yako, kwa sababu pale tulikuwa na kazi nyingi ya kucheka na sikuyasema.

Njiani nilikuwa nimejiandaa. Nilivaa shati la buluu alilolichagua yeye, nikanyoa kama anavyopenda. Nilijiambia mtu akijua dalili zote hawezi kushtuka. Mama akafungua mlango. Alinitazama kuanzia viatu kupanda, alipofika kwenye miwani nikaona midomo inataka kucheka, mdogo wangu, naapa niliona, kisha ikajirudi. Akageuka akakwambia wewe, Mshonaji, kwa sauti ya chini kama ya siri: "Na huyu mmemtoa wapi? Kazi nzuri sana. Hata tumbo."

Uliangua kicheko, na mimi nikakufuata. Tukaenda jikoni tukakaa, watu wawili wa badala, tukinywa chai na kufuta macho. Ukaniambia karibu kazini. Kisha ukalala palepale mezani, kichwa juu ya mikono, na nilikuwa na furaha ya kijinga kwamba angalau hilo nimeweza.

Ulipokuwa umelala nilitoka kwenda nyuma ya tangi. Sikukwambia. Nilimpigia. Akasema, "Miwani, afadhali umepiga." Akaninong'oneza. Akasema wamekuwa wawili sasa, mwanamke na mwanamume, na wote wamefanana na sisi ajabu. Hawana ubaya naye. Wanacheka sana jikoni. "Lakini wewe usije kwanza," akasema. "Subiri nijue wanataka nini. Wasije wakakufanya kitu." Mama yangu ananilinda nisije kwake. Nilikuwa namwona dirishani, amejikunyata na ile simu, ananilinda, na mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka alipokaa. Nikasema sawa Mama, siji.

Katika siku zile zote nilizokaa nilimpikia, nikamsomea gazeti, nikamfunga kamba za viatu. Aliniita Bwana Mgeni. Siku ya kuondoka alinipa mkono.

Mzee Rejeo ameniuliza kama nitaendelea na kazi ya alama. Nimemwambia nipumzike kidogo. Nafungua makala yoyote, upweke, wivu, kusahau, nafika kwenye umuhimu, mkono unakataa kushuka. Nikiruhusiwa nitaziandika zote wa juu kabisa, na hapo sitakuwa mpimaji wa kitu.

Nimekuachia kwenye droo ya cherehani yale maandishi yako ya mwanzo, yale niliyoyafuta. Nimeyaandika kwa mkono kwenye karatasi. Yabandike kwenye friji.

Kaka yako


Jumamosi, 5 Julai

Kaka, shikamoo.

Tunaendelea. Wifi nimepokea salamu zake na zile nyuzi, rangi amepatia. Karatasi nimeibandika. Mama aliisoma, akaniuliza ni ya nini, nikamwambia ni maagizo ya kazi. Akasema ni mwandiko wa Miwani. Kwa hiyo mwandiko wako bado unao, jifariji nao.

Suruali yako imekwisha, nimeongeza kiunoni bila kuuliza.

Sasa nikwambie ambalo sikutaka kuliandika. Sauti nayo imeanza. Wiki iliyopita nilimpigia, akasema, "Namba gani, tafadhali?" Nikasema ni mimi.  Akarudia, "Namba gani?" Nikataja namba ya zamani ya nyumbani, ile ya kwanza tuliyoifundishwa tukipotea. Hapo ndipo akanijua, lakini ilikuwa kama mtu anayepanda ngazi. Daktari nimemwuliza. Amesema yanaweza kuwa hivyo, yanaweza yasiwe. Aliniangalia kwa huruma, na hakuandika kitu. Kama kuna makala ya jambo hili, usiitafute.

Jana ilikuwa siku nzuri. Nilimpigia akanijua kwa "halo" tu, kama zamani. Akaniuliza nitakuja lini, nikasema karibuni. Akasema usiharakishe sana, barabara siyo nzuri, hapa sina shida. Kisha akasema ana ombi.

"Yule Mshonaji. Nilimmwagia maji, nikamtukana tusi baya, na hata siku moja hajanirudishia. Ana mgongo unamuuma, nasikia anavyoinuka. Ukija, mtafutie kitu kizuri. Na umwambie asante. Mimi nikimtazama usoni siwezi."

Nilikaa nimeshika kamba ya nguo. Nikasema nitamwambia, Mama.

"Usisahau."

Nikasema sitasahau. Akaniaga, nikakata simu, nikaingia ndani kumpa dawa.

Mdogo wako